Papa Niliyempelekea Mkwe Wangu

Jumamosi. Upepo unatikisa mabati tangu alfajiri, na mimi siwezi kutulia kwenye kiti. Nimegundua kwamba nilikosea, na nina furaha kama mtu aliyeshinda kesi.

Kwa miaka mingi nimewashambulia hapa hapa kwenye blogu hii wanaokula samaki wa mabwawa yetu. Wachimbaji wadogo wanakamata dhahabu kwa zebaki, mvua inaikokota hadi majini, samaki wanaibeba. Hilo silifuti. Lakini nikaongeza: kuleni samaki wa bahari, bahari ni kubwa, ni safi. Na Rehema, mke wa mwanangu, alipopata mimba, nikawa namnunulia papa mkavu sokoni kila wiki, mke wangu anampelekea nyumbani kwake, mtaa wa Mwankoko.

Asubuhi nilikuwa natafuta ushahidi wa kummaliza mwalimu mmoja mstaafu anayenipinga. Nikaukuta wa kunimaliza mimi. Zebaki ipo baharini pia. Samaki mdogo anameza kidogo, mkubwa anamla mdogo, na papa, anayekula wenzake miaka mingi, anajilimbikizia nyingi. Kukausha hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi. Inachoharibu kwanza ni ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Mjukuu wangu.

Mke wangu yuko Kiomboi anamuuguza dada yake, mwanangu yuko safarini, na simu zao hazipatikani. Nikabaki mimi. Kwetu baba mkwe haongei na mkwe wake habari za mimba, wala haingii jikoni kwake. Mimi niliyegombana na madiwani hadharani nilisimama nje ya jiko la Rehema nikiutazama ukuta, jasho linanitoka.

"Shikamoo baba," alisema kutoka ndani.

"Marahaba. Yule papa, mwanangu, usimle tena. Ana sumu. Anawadhuru watu walio katika hali fulani."

Nikasikia anajizuia kucheka.

"Baba, sijamla hata siku moja. Harufu yake inanitapisha."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na wewe ndiye uliyemleta?"

Nilitaka kuruka. Sijawahi kufurahi hivi kwa kutosikilizwa.

"Sasa huwa unampeleka wapi?"

"Nampa Mama Asha hapo jirani. Ananyonyesha."

Furaha ikakatika katikati. Tulikwenda, Rehema mbele, mimi nyuma hatua kumi kama inavyopasa. Sufuria ilikuwa jikoni tayari, mchuzi unachemka.

"Mzee, si wewe uliyeandika tule?" Mama Asha aliniuliza. "Mimi kusoma sijui. Mume wangu alinisomea."

Nikamweleza yote, hadi zebaki inavyoingia kwenye maziwa. Akaitazama sufuria, akaenda kuimwaga shimoni bila kunitazama.

"Haya, nile nini?"

"Dagaa. Ni wadogo, hawaishi miaka mingi, hawajilimbikizii sana."

"Sawa mzee. Na dagaa utawageuka lini?"

Rehema alicheka waziwazi safari hii. Nilistahili.

Nimerudi nyumbani bado damu inachemka. Kuna vita vipya, na adui wa kwanza ni andiko langu mwenyewe. Silifichi. Nitaliacha pale lilipo, na juu yake nitaweka hili, na Jumatatu nitakwenda kliniki kuomba nafasi ya kusema na kina mama wakiwa kwenye foleni.

Maana hili linanikosesha raha: nyumba nyingine ambako mume alisoma lile la kwanza kwa sauti, nani atawasomea hili?