Kiuno Inchi Kumi na Tisa

3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila nina habari kubwa. Kaa chini kwanza! Kuna jumba la mitindo hapa mjini linatafuta wanamitindo wapya kwa onyesho la Aprili, nami nimechukua fomu. Najua utasema kazi ya dukani inanitosha, lakini nimeitamani kazi hii tangu nilipokuwa najitazama kwenye kioo chako cha wateja. Wanataka picha ya uso na vipimo. Futi ya kupimia sina, na kumwomba mtu anipime naona aibu. Niandikie vile vya kwenye daftari lako la ushonaji, vya gauni la mwaka jana. Fanya hima!

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unalalamika kama mwenyewe. Wewe na vituko vyako! Mwanamitindo? Haya, mimi ni nani nikukatalie. Daftari hili hapa: kifua 23, kiuno 19, nyonga 25. Ila usiache kula kwa ajili ya hao watu, nitakuja kukuchapa.

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi wee!

Shikamoo. Wameniita! Barua yao imekuja, na chini mbunifu mwenyewe ameongeza kwa mkono wake: "Kiuno hiki ni kweli?" Nikamjibu papo hapo kwamba shangazi yangu ni fundi wa miaka thelathini, hakosei. Mimi inchi sizijui, najua tu kwamba naingia kwenye nguo unazonishonea. Ijumaa ya tarehe 27 naenda kujaribu gauni. Wameshalishona tayari kwa vipimo vyangu! Niombee.

Mwanao

26 Machi

Mwanangu,

Salamu baadaye. Usiende! Nimesoma barua yako, mkasi ukaniponyoka. Mimi hukata kitambaa nikiwa nimekikunja katikati, kwa hiyo daftarini huandika nusu ya mzunguko. Nusu, mwanangu! Nilinakili tu bila kufikiri. Nimekuaibisha mbele za watu. Nisamehe.

Shangazi yako

29 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa presha. Barua yako imenikuta Ijumaa imeshapita. Sasa sikiliza.

Chumba kina vioo pande zote, na kwenye benchi wamekaa wasichana kumi na wawili, wembamba wote. Nikapewa gauni langu. Likagoma magotini. Nikavuta, wapi! Msaidizi wa mbunifu akacheka mpaka akaketi sakafuni. Nilitamani ardhi inimeze, halafu hasira zikanipanda. Nikamwambia mbunifu, "Mama, nguo imekataa, miguu haijakataa. Nitazame nikitembea."

Nikavaa gauni langu nililokuja nalo, nikatembea kwenda na kurudi. Kicheko kikakatika. Mbunifu akasema, "Hebu rudia." Nikarudia mara tatu! Amenichukua, Shangazi, amenichukua!

Lakini anataka nivae joho pana la kufunika kila kitu. Nikamwambia nataka gauni la kunishika mwili. Akasema karakana yake haina mtu anayejua kulikata kwa mwili kama wangu. Nikilipata kabla ya tarehe 18, siku ya onyesho, nitalivaa. Nisipolipata, ni joho. Sitaki kupelekwa mbele ya watu halafu nifichwe. Nimenunua futi, nimejipima mzunguko mzima: 46, 38, 50. Tafadhali Shangazi.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Gauni limo ndani ya kifurushi hiki, la manjano. Ila nina jambo la kukuambia. Tangu una miaka kumi na miwili, kila nguo yako naiongezea inchi nne za bure ili ipwaye. Nilidhani nakukinga na midomo ya watu. Hata zangu nazikata hivyo hivyo. Safari hii mkono ukataka kuongeza kwa mazoea, nikaukatalia. Nililia kidogo, kisha nikashona. Usilivute wala usilitanue, lipo sawa na wewe. Na wakicheka, niambie nije mwenyewe.

Shangazi yako

18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo mara mia! Zipu ilipanda mpaka juu bila ubishi. Nilikuwa wa tisa kutoka. Makofi waliyopigiwa wenzangu yakakatika, nikajua basi, nimekwisha. Mara mama mmoja wa mstari wa tatu, mnene kama sisi, akapaza sauti, "Hilo gauni nalitaka!" Watu wakaangua kicheko, cha furaha safari hii, na makofi yakafuata.

Mwisho wa jukwaa tuliambiwa tugeuke upesi. Mimi sikugeuka. Nilisimama na tumbo langu na nyonga zangu, nikawaacha watazame mpaka watosheke. Mbunifu ameshaniandika kwa onyesho la Juni!

Msaidizi alipokuja kunivua gauni nilikataa. Nimetoka nalo mchana kweupe, nikapita sokoni, nikapita kituoni, hadi chumbani kwangu kwa miguu. Naandika bado nimelivaa. Na wewe, Shangazi, kitambaa cha manjano kilichobaki usimpe mteja. Jikatie lako, na usiongeze kitu.

Mwanao