Kanzu ya Idd

Sio Port, Oktoba 1976

Kaka Sulaiti,

Salamu. Sukari imepotea tena madukani, na kikohozi cha mama kimepungua.

Siku ya Idd shemeji yako Mbarak aliazima mashua ya tanga ajifurahishe. Akiwa mbali tulimwona amevua kanzu yake mpya, anaipunga. Tukadhani ni furaha ya sikukuu. Tulimpigia vigelegele mpaka akapotea upande wa Uganda.

Kesho yake wavuvi walileta mashua tupu, usukani umevunjika. Ndipo tukaelewa alikuwa akituita. Mpaka nao umefungwa, ng'ambo sina wa kumuuliza.

Usiniandikie habari za subira, nimeshazisikia zote.

Jana mwanangu Kadija aliona tanga ziwani, akaanza vigelegele. Nilimziba mdomo.

Dada yako,
Nusura