Tulivyowadanganya Wageni kwa Adabu

Kijiji cha Kifanya,
Njombe.
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Tarsis,

Kamwene. Habari za Mwanza, na habari za wifi Rebeka na watoto? Sisi huku tu wazima, ila baridi la mwezi huu si la mchezo. Asubuhi nyasi zinaamka nyeupe, na kila nikiota moto namkumbuka marehemu mama na uji wake wa ulezi. Mahindi yamekauka vizuri, tunamshukuru Mungu.

Binti yangu Jackline anakusalimu. Unajua aliacha kazi za ndani Dar es Salaam, akarudi kufanya kazi kwenye kitalu cha kikundi chetu, kile kilichoanzishwa na mpango wa serikali wa ajira na kuinua uchumi. Sasa ndiye anayebebesha miche ya parachichi, yaani kuunga vikonyo vya aina bora juu ya mashina ya kienyeji, na kila Alhamisi anaipeleka Makambako, ambako wakulima wa mbali humsubiri. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu.

Mwezi uliopita walikuja watathmini kutazama kama mpango umetusaidia, ili wakubwa waamue kama utaendelea. Ukikoma, kitalu kinafungwa, na vijana tisa, Jackline akiwemo, wanarudi walikotoka. Basi tulijiandaa. Tulifagia, tukapika viazi na kuku, tukavaa vitenge vya kanisani.

Lakini sisi Wabena unatujua. Mtu akikuuliza mavuno, unasema yapo kidogo. Mwenye magunia ishirini anasema amepata ya kula tu. Mtathmini mmoja, binti mpole aitwaye Jasmine, alituita mmoja mmoja, akatuuliza maisha yamebadilikaje tangu mpango uanze. Mama Konsolata, mwenyekiti wetu, aliyeezeka nyumba bati kwa parachichi hizohizo, akajibu tunahangaika tu. Dionis aliyenunua pikipiki akasema bado sana. Mimi nami nikasema hali ni ileile. Tulitoka tumeridhika kabisa, tukijiona watu wenye adabu zao.

Jioni Jasmine akatusomea muhtasari. Hakuna mabadiliko yanayoonekana. Atashauri mpango upelekwe kwingine. Vipande vya kuku tukavirudisha sahanini. Nilimtazama Jackline, amesimama mlangoni na kisu cha kubebeshea mkononi, nikajikuta nimeshasimama.

“Mwanangu, tumekudanganya kwa adabu,” nikamwambia Jasmine. “Huku kwetu anayetangaza neema yake huonekana ana majivuno. Tuulize tena, safari hii tutajibu.”

Konsolata alinikazia macho. Kisha naye akainuka polepole, akasema, “Twende ukaone bati langu.”

Jasmine alicheka mpaka akavua miwani. Aliahirisha safari yake, na kesho yake akapita nyumba kwa nyumba. Midomo ilipofunguka haikuchagua: tulimwambia pia kwamba mbolea hutufikia wakati mahindi yameshafika magotini, na kwamba mafunzo waliyaweka siku ya mnada, wakapata wazee watatu na mbwa. Aliandika yote, akasema malalamiko yetu yamemfaa sawasawa na sifa. Juzi jibu limekuja: mpango unaendelea, na kitalu kinapanuliwa. Niliimba peke yangu shambani. Naishukuru serikali, na namshukuru zaidi yule binti aliyekubali kuuliza mara mbili.

Tangu hapo nimekuwa nikikuwaza wewe. Miaka sita kila ukiniuliza hali, nakuandikia tunahangaika tu, nawe unajibana na kututumia. Sasa Rebeka amemweleza Jackline kwamba macho yako yameharibika kwa kuchomelea vyuma, na kwamba kila mwaka unauahirisha upasuaji kwa sababu dada yako ana shida. Sikuwa na shida, Tarsis. Nilikuwa na adabu. Nisamehe, maana imekugharimu macho yako.

Leo nakujibu upya: tunakula tunashiba, na cha kuweka akiba kipo. Usitutumie tena kitu. Nenda hospitali mwezi huu, gharama tutaibeba sisi. Jackline anapanda basi Jumatatu ijayo aje akuuguze, kitaluni wenzake wamemruhusu.

Nisalimie wifi Rebeka, umwambie amefanya vema kusema. Wasalimie Methusela na Ema. Mungu aliyetulea kwa uji wa mama akurudishie nuru yako.

Ni mimi dada yako akupendaye, leo bila kukuficha,

Hulda