Mpiga Makofi

Mocímboa, Jumapili

Mpaka sasa nimefura kwa hasira. Jana nimeshinda njiani kutoka Pemba ya huku Msumbiji, viatu vya mpira mapajani, ili nicheze mechi na wenzangu wa zamani wa shule. Leo uwanjani Zaina, nahodha wetu tangu usichana, akanitazama tumbo: "Mwenzangu, umenenepa. Wewe kaa benchi, utupigie makofi."

Wote wakacheka. Mechi nzima nimekaa juani.

Wamefungwa manne. Alhamdulillahi, na Mungu anisamehe.

Jioni Zaina kaja na sahani ya wali wa nazi, sauti tamu kama asali. Mwezi ujao anamwoza binti yake, na hakuna anayejua kuongoza nyimbo za harusi kama mimi. "Utakuja, dada?"

"Nitakuja," nikamwambia. "Nitakaa nyuma, niwapigie makofi."

Uso ukamshuka. Wali wake nimeula wote.