Siku Tuliyopogoa Mforosadi Wako

Papa,

Huku wanasema ni majira ya majani kuanguka, ila Sydney unaijua: baridi yenyewe ya kubahatisha. Mlimau bado ni kijani. Mforosadi wako tu ndio umegeuka njano.

Sijalia. Tangu tulipokuaga kwa simu ya nesi, wewe ukiwa kwenye mashine ya kupumulia, mimi na Mama tumefungiwa hapa Seven Hills, sijalia. Watu wa kanisa wanasema nina moyo mgumu. Sijui. Lokdauni imekwisha, nimerudi ghalani Lidcombe. Napanga maboksi, narudi, nalala. Mama alikuwa hajakanyaga bustanini tangu siku ile.

Wiki jana mwenye nyumba alipita. Akasema matawi yamevuka uzio, kila mwaka matunda yanachafua nguo anazoanika bibi jirani, kwa hiyo ataleta watu waukate mti wote. Nikamwambia nitaupogoa mwenyewe. Akanipa mpaka Jumamosi.

Jumamosi nikachukua mkasi wako na ule msumeno mdogo. Nikatoa matawi makavu kwanza, kisha yanayosuguana, kama ulivyonifundisha. Nilipofika upande wa uzio nikachoka kufikiri. Nikaanza kukata tu, yote sawasawa, mstari mmoja.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama, na kandambili zake.

"We Riziki! Papa yako hakupenda mti ufanane na sanduku!"

Akaja mpaka chini ya mti. Akaanza kunionyesha kwa kidole: lile liache, hili liondoe, lifuate mpaka linapoungana na kubwa lake, kata hapo, usiache kigutu. Papa, kumbe alikuwa anakusikiliza! Miaka yote ile alikucheka, eti unausemesha mti kuliko unavyomsemesha yeye.

Tulifanya kazi mpaka jua likapungua. Upande niliouharibu utachukua muda, lakini kwingine mtu hawezi kujua mkasi ulipita wapi. Mti umepungua na bado ni ule ule. Mwenye nyumba alikuja, akauzunguka, akasema, "Basi, ubaki."

Alipoondoka, Mama akakaa chini katikati ya matawi yaliyokatwa, akalia kwa sauti. Alilia jina lako, lile la ujana ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kulitaja. Nikakaa naye. Machozi yangu hayakuja. Nilimshika mikono tu, ilikuwa ya baridi sana, na baridi ile niliisikia. Ni kitu cha kwanza nilichokisikia tangu uondoke.

Siwezi kukuahidi makubwa kwa sasa. Kesho tukitoka kanisani tutapanda vitunguu saumu, mimi na Mama, kwenye kile kipande kinachopata jua. Na kilio changu kikija, hata kikinikuta kazini, sitakizuia.

Pumzika, Papa. Mama nipo naye.

Mwanao,
Riziki