Hodi ya Chelangat

Chelangat,

Ni mtu gani huyo anayebandika maji ya ugali, yanachemka, unga ameshamwaga, halafu anaweka mwiko chini na kwenda zake? Nani alikufundisha hivyo? Si mimi. Mimi nilikufundisha ukianza kukamua ng'ombe unamaliza, hata mvua ikikunyeshea mgongoni. Sasa umekufa, hadithi yako haijaisha, na mwisho wake umeniachia mimi, bibi aliyeishia darasa la tatu, kama kwamba sina taabu zangu.

Nimekasirika. Nilitaka ujue hilo kabla ya salamu.

Salamu ni hizi. Mama yako anakula kidogo na haongei. Yule ng'ombe wako mweupe amezaa ndama jike, sijampa jina. Baridi imeunguza viazi vyote vya upande wa chini, vimekuwa vyeusi kama vimepikwa. Kitanda chako nilikitoa nje kwa jua nikakirudisha, hakuna anayekilalia. Pale tulipokulaza udongo umeshuka. Nimemwambia mjomba wako aongeze, akasema kesho. Unamjua na kesho zake.

Sasa nikuambie habari ya watu wako. Walikuja Jumapili baada ya kanisa. Rafiki yako Wambui ndiye aliwaleta kutoka Nakuru, wakashuka hapa Olenguruone na sukari na mkate, viatu vyeupe kwa matope yetu, mmoja nywele zake rangi ya karoti. Wambui akasema hawa ni mashabiki. Nikasema mashabiki ni watu wa mpira. Akasema hapana, ni mashabiki wa "Mvuke", ile hadithi yenu ya kusikiliza kwa simu. Wakaanza kuniita Shosh. Nikawaambia shosh yuko kwao, hapa nyanya anaitwa Gogo, na wavue hivyo viatu.

Mimi sikujua kuna watu wanaisikiliza. Wewe uliniambia ni kitu kidogo cha kupitisha siku, wakati figo zilikuwa zimekataa na huwezi kwenda kazi. Nilikuuliza kwa nini hadithi iwe mbaya hivyo. Jua limekufa, dunia yote ni barafu, watu waliobaki wanaishi kwa mashimo chini ya mlima Longonot kwa sababu mvuke wa ardhini ndio joto la mwisho. Mlango ni mmoja. Ukifunguliwa joto linatoka na watoto wachanga wanakufa. Na mwenye kulinda huo mlango ni bibi kizee mkali. Nikasema tunga harusi. Ukacheka, ukasema, "Gogo, harusi haitaki mtu kama wewe."

Hukuniomba ruhusa hata. Ulikuwa umeketi jikoni na hiyo mashine unarekodi moto ukilia, Julai ile, na mlango umeacha wazi. Nikaingia na maziwa nikasema, "Funga mlango. Unafikiri joto linaota kwa shamba?" Ukaninasa. Ukaniweka ndani ya hadithi kama mtu anavyoweka kuni juu ya moshi zikauke. Baadaye ndio ukaanza kunisomea maneno ya yule bibi, na mimi nayasema kwa njia yangu, kwa sababu ya kwako yalikuwa na adabu nyingi mno.

Basi Jumapili kijana mmoja mrefu alichelewa nje na simu, akaingia akaacha mlango. Wote kwa pamoja wakamwambia, "Funga mlango. Unafikiri joto linaota kwa shamba?" Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Maneno yangu, Chelangat. Wanayasema huko mjini kama maombi. Nyumba hii haikuwa imesikia kicheko tangu tukuzike. Mimi sikucheka. Nilipangusa chai.

Halafu wakaanza kugombana. Ni ile sehemu ya mwisho, ambapo yule msichana aliyetoka kutafuta jua anarudi na ugonjwa wa baridi, anasimama nje na kubisha, na bibi mwenye mlango ni nyanya yake. Wewe ndiye ulikuwa sauti ya huyo msichana. Walibishana mbele yangu kama watu wanaogawa shamba.

Yule mrefu akasema, "Gogo hawezi kufungua. Kuna watoto huko ndani, buda."

Yule wa nywele za karoti akasema, "Hiyo ni damu yake. Wewe ungemwacha shosho yako nje?"

"Shosho yangu ndiye angeniacha mimi. Humjui."

Kisha msichana mmoja wa miwani akasema, "Mimi nilisikiliza hii kitu nikiwa wodini. Nataka mtu mmoja tu aingie. Mmoja." Nilimwongezea maziwa.

Nikamuuliza Wambui, Chelangat aliandika niseme nini? Akaangalia chini. Akasema, "Hakuandika, Gogo. Alisema usiandikiwe. Alisema utajua mwenyewe."

Asante sana. Ulikuwa na wakati wa kunung'unikia chumvi ya uji wangu, hii hukupata wakati wa kuiandika.

Wambui akafungua mashine. Kwanza nikasikia mlango unagongwa. Chelangat, mimi najua mlango wangu. Ni huu wa jikoni, lile bati la chini lililolegea, ukigonga mara moja linalia mara mbili. Ulikuja ukarekodi nikiwa shambani. Halafu nikakusikia wewe.

"Hodi. Gogo, ni mimi. Nimerudi. Huku kuna baridi."

Nikaziba mdomo kwa mkono. Hawa watoto wa mji walifikiri nalia. Wewe unajua kwa nini. Siku tulipotoka kumzika baba yangu, nilisikia anaita ng'ombe huko mtoni, sauti yake kabisa, na nikafungua mdomo niitike. Mama akaniziba kwa kiganja chenye udongo wa kaburi. Akasema aliyekufa akikuita usiitike, ukimwitika unamfunga njiani, hawezi kurudi na hawezi kwenda. Ladha ya huo udongo ninayo hadi leo.

Kuita waliokufa mimi najua. Mtoto akizaliwa, sisi mabibi tunaketi tunaita majina yao moja moja mpaka mtoto apige chafya, na jina alilopigia chafya ndilo linatuambia nani amerudi. Nimeita kwa watoto wa kijiji hiki wote. Lakini hakuna aliyenifundisha mtu afanye nini aliyekufa akianza yeye. Na hodi ina jibu moja tu. Karibu. Siwezi kukuambia karibu. Nikisema karibu, nani ataingia?

Niliwaacha hapo nikaenda kusimama kwa zizi mpaka wakaondoka.

Tangu siku hiyo silali vizuri, na si kwa sababu ya kuogopa. Nakumbuka ile benchi ya hospitali. Askari alisema wakati wa kuona wagonjwa umeisha, na mimi sikugombana naye, kazi ni kazi. Nikasogea karibu na mlango nikasema kwa sauti, "Chelangat, niko hapa mlangoni." Hukuitika. Sijui kama ulisikia. Asubuhi wakatuambia. Basi. Pasta anasema uko mahali penye joto. Niliinamisha kichwa kwa heshima, nikarudi kung'oa viazi vilivyouawa na baridi. Niliomba nichukuliwe mimi, mzee, asiye na faida. Niliomba sana. Ilikuwa kama kubisha nyumba ya watu waliohama. Sasa naomba tu mdomo usisahau, lakini nikimaliza nasikia ule ukimya wa nyumba tupu, na nanyamaza pia.

Nimeamua. Wambui anarudi kesho na mashine. Sitafungua huo mlango. Wanaotaka nifungue wanitukane, nimetukanwa na watu wakubwa kuliko wao. Mimi nilikurushia udongo kwa mkono huu. Nikifungua kwa hadithi nikusikie ukiingia, ukivuta kiti, ukiomba chai, nitaketi hapa siku zote nikitazama lile bati. Na yule mtoto wa miwani atatazama mlango wake pia. Huo si upole. Ni kumwekea mtu sahani ya mtu asiyekuja.

Lakini nitakuitika. Kiganja cha mama kinisamehe. Sitasema karibu. Nitasema lile nililosema hospitali, "Niko hapa mlangoni," mara moja, halafu Wambui aache mashine iende mpaka wewe unyamaze mwenyewe. Nakuahidi sitaondoka hapo kabla yako. Nikimaliza sitaisikiliza tena. Ndama nitampa jina, si lako, usijivune.

Kwaheri, mtoto wa mtoto wangu. Sina la utamu la kukuambia. Lilikuwapo, limeisha.

Sasa sikiliza, sitarudia. Kesho ukisikia nimeitika, usibishe tena. Geuka. Mtafute babu yako, atakuwa karibu na ng'ombe, mwambie akuonyeshe pa kukaa, na umpe hiyo sweta tuliyokuzika nayo ukipata joto, yeye hakwenda na yake. Usiangalie huku. Na ukishaingia huko, funga mlango.