Kidonda cha Meneja

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa karakanani. Natumaini kifua kilichokusumbua kwa mvuke wa zile mashine za kufulia kimepoa. Sisi ni wazima, ukiacha masikio yangu ambayo sasa ni mapambo tu, na jambo moja ambalo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia limetiwa chumvi kwenye simu ya jirani yetu mshonaji.

Meneja amemparura mwanao Bibie. Kucha zilishuka kutoka chini ya jicho la kushoto hadi karibu na mdomo. Nilimbeba mbio mpaka zahanati, mikono imejaa gundi ya makochi, na gundi ikashika kwenye gauni lake hata sasa haijatoka. Wamemshona nyuzi tatu. Daktari amelimulika jicho akasema ni zima kabisa, anaona mpaka sisimizi. Jioni ile ile alikuwa anaomba maandazi, kwa hiyo usilie.

Sijui yule paka kimempata nini. Unamjua. Miaka sita analinda sponji zangu na panya, na kila kochi likimalizika anapita juu yake taratibu kama anakagua, ndiyo maana tukampa cheo. Bibie amemburuta kwa mkia, amemvisha soksi, amemlaza kwenye boksi la misumari akimwimbia alale, na hakuwahi kumtolea hata ukucha mmoja. Lakini wiki hizi mbili amebadilika. Anachechemea kidogo, nikadhani ni uzee kama wangu. Anashinda amejificha ndani ya kochi kuukuu la pale kona, na ukimsogelea anatoa meno.

Nimemuuliza Bibie alimfanya nini. Anasema, "Sikumfanya kitu, babu. Nilitaka kumbeba tu."

Baba yako


15 Februari

Baba, shikamoo.

Kifua kimepona, asante. Kwa jicho la mtoto nimeshukuru sana. Salamu zinaishia hapo, maana nina hasira na sitaki kuzificha.

Barua yako niliisomea kazini, mbele ya mashine ya kunyoosha mashuka, nikasahau nilipo mpaka msimamizi akaja kunigusa bega kwa sababu shuka la wodi lilikuwa limeanza kuungua. Nyuzi tatu, Baba. Usoni. Na wewe unaniandikia habari za cheo cha paka.

Nilikuachia mtoto, sikukuachia paka. Mtie kwenye gunia umpeleke sokoni kwa wauza samaki, atashiba huko kuliko kwako. Mimi kila siku nafua damu za watoto wa watu, sitaki kungoja siku ya kufua ya wangu. Mkataba wangu unaisha Juni, lakini sitangoja mpaka Juni nijue umeamua nini. Kama barua yako ijayo haitaniambia kwamba paka ametoka, nitamwandikia wifi yangu aje amchukue Bibie akae kwake. Ni shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, ana haki naye. Na nyumbani kwake hakuna mnyama hata mmoja.

Unajua sitanii. Ukaidi huu sikuuokota njiani, nimeutoa kwako.

Binti yako


28 Februari

Mwanangu,

U hali gani? Bibie anakusalimu sana, nyuzi zimetolewa na kovu ni jembamba, litafifia. Mimi mgongo tu.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nikaona una haki. Mara ya tatu nikaenda kutafuta gunia. Mtoto huyu nimemlea tangu ana miaka miwili, na kati yake na paka sikuwa na la kufikiria mara mbili.

Nilikata kitambaa cha chini ya lile kochi nikaingiza mikono. Sikuvaa glavu, kwa sababu glavu zinanifanya kipofu. Akapigana nami vilivyo, mikono yangu utadhani nimepita kwenye seng'enge. Nilipomshika mguu wa mbele ili nimsukumie guniani, vidole vikagota kitu. Miaka arobaini kazi yangu ni kupapasa kitambaa na kujua pana msumari uliosahaulika. Nikapapasa. Chini ya manyoya mguu ulikuwa na mfereji, umezunguka mguu mzima, na ndani ya mfereji mlikuwa na mpira wa nywele. Ule wa rangi ya waridi, kwenye pakiti uliyomletea Bibie Desemba. Nyama ilikuwa imeshaanza kuufunika, na palikuwa pananuka. Nilikaa sakafuni nikalia, na sioni aibu kukuandikia hivyo. Wiki zote zile alikuwa anaumia mbele ya macho yetu, sisi tunasema amekuwa mkali.

Daktari wa mifugo ameukata mpira na kusafisha. Mguu hajui kama utabaki, tungoje mwezi au zaidi. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni.

Bibie nilimkalisha juu ya benchi la kazi nikamwonyesha ule mpira. Akasema, "Hiyo ni bangili yake." Nikampa mwingine wa pakiti ile ile, nikamwambia auzungushe kwenye kidole chake mwenyewe, mara tatu. Akazungusha huku anacheka. Tukaanza kuhesabu. Hatujafika sitini akasema, "Babu, kinawaka, nivue." Nikamvua papo hapo. Nikamwambia Meneja hakuwa na mikono ya kuvua wala mdomo wa kusema nivue, alikuwa na kucha tu. Akashuka benchini akaenda kulala bila kuambiwa.

Sasa nikuambie nilivyoamua, na wala usinisihi. Paka hatoki. Na kidonda kile ataosha Bibie, kila siku, mimi nikiwa nimemfunga Meneja kwenye taulo ili asimguse. Ataosha mpaka kipone au mguu ukatwe. Simwadhibu. Nataka tu mikono iliyofunga ndiyo ijue kuuguza.

Baba yako


10 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi sijambo.

Pole kwa paka. Nasema kweli, nilipofika kwenye habari ya mfereji niliiweka barua chini. Lakini kisha nikafika kwenye kidole cha mwanangu, damu ikanichemka. Umemfunga mtoto wa miaka mitano mpira mpaka kidole kiwake, halafu kila asubuhi na jioni unamwekea mbele ya macho kidonda chenye usaha umwambie ni kazi yake. Mtoto wa umri ule anajua nini? Alikuwa anacheza. Mimi pia ulinifanya hivyo hivyo. Nilipovunja birika la marehemu mama uliniketisha na gundi yako nigundishe vipande siku nzima, na mpaka leo nikishika birika mikono inatetemeka. Huyu sitakubali akue anatetemeka.

Nimeshaandika. Wifi atafika Jumamosi ya tarehe 21, mchana. Mfungashie nguo zake na lile blanketi la njano, bila hilo halali. Usimfiche mtoto na usimgombeze wifi, yeye nimemtuma tu.

Binti yako


23 Machi

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi nipo.

Shangazi yake alikuja kama ulivyosema. Sikumficha mtoto wala sikumgombeza mtu. Nguo nilizikunja mwenyewe, na blanketi la njano nimeliweka juu ili alione haraka. Habari ya birika sikuijua. Miaka yote nilidhani nilikufundisha uvumilivu. Nisamehe kwa hilo, ingawa la paka nimelishikilia na nitaendelea kulishikilia.

Bibie alikuwa ameshaosha kidonda cha asubuhi. Siku hizi hakunji uso tena, na anaongea na Meneja wakati wote, anamwambia nusu bado, nusu bado. Alipoona begi lake mlangoni akauliza, "Jioni nani atamwosha?" Nikasema mimi. Akasema, "Mikono yako inakwaruza." Nikamwambia nitajitahidi. Akavaa viatu, shangazi yake akamshika mkono, wakafika mpaka kwa mshonaji. Pale akamponyoka akarudi mbio.

Aliniinamisha kichwa ili aseme kwenye sikio langu lenye nafuu. Nakuandikia alivyosema neno kwa neno, kwa kuwa mimi sikumwelewa. Alisema, "Babu, mama alisema asivuliwe mpaka aje. Sisi tumemvua. Ndiyo maana ananihamisha?"

Nilimwambia hapana, lakini sijui kama nilisema kweli. Wewe unamwelewa?

Jioni niliosha mimi. Meneja aliniuma.

Baba yako


3 Aprili

Baba, shikamoo. Pole kwa kuumwa mkono.

Barua hii nimeianza mara nne, kwa hiyo nitaandika moja kwa moja kabla sijaichana tena.

Tarehe 12 Januari mshonaji alinitumia picha. Nilikuwa mapumzikoni, nimekaa juu ya marundo ya mashuka machafu. Meneja amekaa kwenye kochi la bluu, mguuni ana bangili ya waridi, na Bibie anachungulia nyuma yake anacheka na pengo lake. Niliwaonyesha wenzangu wote, tukacheka mpaka tukasahau uchovu. Kisha nikamrekodia mtoto ujumbe wa sauti, nikautuma kwa simu ya mshonaji. Bado umo kwenye simu, jana nimeusikiliza tena. Nasema, "Amependeza sana mwanangu, usimvue mpaka mama aje aone mwenyewe."

Nilikuwa nimechoka, nilitaka kumfurahisha, nikatamka neno la kwanza lililonijia. Dakika tano baadaye nilishalisahau. Yeye hakulisahau. Ulipomuuliza alimfanya nini paka akasema sikumfanya kitu, hakuwa anadanganya. Alikuwa ananitii mimi, Baba, hicho tu ndicho alichofanya. Na paka alipochoka kuumia, mimi ndiye niliyeagiza atiwe kwenye gunia. Nikaona hilo halitoshi, nikamhamisha na mtoto.

Sitakaa huku na jambo hili mpaka Juni. Wifi nimeshampigia, Jumapili anamrudisha Bibie kwako, na amekubali bila maneno kwa sababu mtoto kila jioni ananawa mikono na kuuliza kama saa ya kumwosha imeshafika. Nimeomba likizo ya wiki mbili. Msimamizi amekataa, nikarudi, amekataa, nikarudi mara ya tatu nikamwambia nitasimama ofisini kwake mpaka asaini au anifukuze. Amesaini. Nitaingia kwa basi la tarehe 18.

Karatasi ya pili humu ndani ni ya Bibie. Nimeandika kwa herufi kubwa ili afuate kwa kidole ukimsomea. Nimemwambia aliyekosea ni mama. Nimemwambia siku nyingine akiona kiumbe kinaumia avue, hata kama mama amesema asivue, hata kama babu amesema, hata kama ni mtu gani. Msomee yote. Usinilainishie hata mstari mmoja, unajua huwa una tabia hiyo ukiona nimelia.

Binti yako


13 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Salamu zetu sote. Nimepata mtu anayekuja huko kesho na amekubali kuipeleka barua hii kwa mkono, kwa hiyo itakufikia kabla hujafunga safari.

Mguu utabaki. Daktari alikuja jana akaugeuza huku na huku akasema damu inapita, ila kucha hazitashika tena. Kazi ya panya imemshinda, na panya wameshapata habari, wiki iliyopita wamenilia kona ya kochi la mwalimu mkuu. Nimetega mitego. Meneja anabaki na cheo chake.

Bibie nimemsomea karatasi yako, yote, sikulainisha kitu. Alifuata kwa kidole. Tulipomaliza akasema nirudie, nikarudia. Sikumwona akilia, wala hakufurahi. Alikaa anakuna kovu lake, kama mtu mzima anayefikiria bei. Usitegemee kwamba ukishuka tu atakurukia. Na Meneja naye bado hamwamini sana. Anaoshwa, kisha anajiondokea zake, na Bibie sasa anamwacha aende.

Baadaye, nikiwa nimeshaendelea na kazi, akaja akanivuta shati. Akauliza, "Kama mama naye alikosea, naye ataosha?"

Nikamwambia ataosha.

Akasema asubuhi ni yake, hampi mtu. Kwa hiyo ukishuka kwenye basi usipitie popote kununua zawadi. Njoo moja kwa moja. Maji ya chumvi yatakuwa tayari, taulo nitalishika mimi, na zamu yako ni saa kumi na moja jioni.

Baba yako